Sura ya Sita: Wekundu wa Mukula

Ukikata gome la mukula kwa panga, usiondoke haraka. Mwanzoni mpasuko unaonekana mkavu. Kisha kwenye kingo zake yanachomoza matone madogo mekundu, yanakutana, yanakuwa mstari mmoja, na mstari huo unateremka polepole kwenye gome la kijivu. Ukiupangusa kwa kidole, unanata. Rangi yake ni ya damu hasa, na doa lake kwenye shati halitoki kwa sabuni. Ukirudi baadaye utakuta utomvu umeganda, umekolea hadi kukaribia weusi, na jeraha la mti limejifunga lenyewe.

Aliyewahi kuliona hilo hahitaji kuelezwa kwa nini watu wa tambarare hii, kuanzia Musumba, makao ya Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda, huko Kapanga, kupita nchi ya Wasanga inayozunguka Kolwezi, hadi kwa Wabemba upande wa mashariki, waliukabidhi mti huu kazi zote za damu. Jeraha la tohara, hedhi isiyokatika, mimba zinazotoka, fizi zinazovuja, mwindaji aliyerudi na nyama: popote damu ilipotajwa, mukula ulitajwa nao.

Mwenye kusoma kitabu hiki akiwa Lamu au Zanzibar ataufananisha mara moja na hina, na hajakosea. Hina na mukula ni mimea miwili isiyo na udugu, lakini imefanya kazi moja katika nchi mbili. Yote miwili ni rangi nyekundu ya mwili, ni pambo la mwanamke anayeingia hatua mpya ya maisha, na ni dawa. Nitaieleza kwa pamoja, kwa sababu ukiilinganisha unaona vizuri zaidi kila mmoja unaponya nini, na unadanganya wapi.

Miti miwili, jina moja

Jina la mukula linabeba miti miwili ya jenasi ya Pterocarpus. Wa kwanza ni Pterocarpus tinctorius, ambao Wabemba wanauita mukula na Watanzania wengi wanaujua kama mkurungu. Kiini cha mbao yake ndicho chenye wekundu mkali zaidi. Wa pili ni Pterocarpus angolensis: kwa Wabemba ni mulombwa, kwa Walunda wa Ndembu ndio huohuo mukula, na Tanzania ni mninga, ule wa milango na vitanda vya harusi. Yote miwili hutoa utomvu mwekundu gome likikatwa.

Ni miti ya miombo, msitu mwepesi unaofunika sehemu kubwa ya mkoa wa Lualaba, kusini mwa Kongo. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mulombwa huchanua maua ya njano yenye harufu ya asali karibu na mwanzo wa mvua, matawi yakiwa bado matupu au ndiyo kwanza yanachipua. Tunda lake ni rahisi kulitambua: kisahani cha mviringo chenye ubawa mwembamba pande zote, na katikati kifungu cha miiba myembamba kinachoficha mbegu. Mtoto wa kijijini anaweza kukosa jina la mti, lakini tunda hilo analijua, maana amelichezea.

Hina, Lawsonia inermis, ni kichaka cha nchi za joto na ukavu. Pwani ya Afrika Mashariki hupandwa uani. Kolwezi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na baridi ya usiku wa Juni na Julai hapa si mchezo. Kwa hiyo hina inayopakwa mjini leo inafika ikiwa unga ndani ya pakiti. Njia ya kuja huku kutoka pwani ni ya zamani. Katika karne ya 19, Msiri, mwana wa Wanyamwezi, alijenga mji wake Bunkeya, ambao leo uko ndani ya mkoa huu wa Lualaba, sehemu ya Katanga ya zamani, na misafara yake ikaunganisha shaba, pembe za ndovu na watumwa wa Katanga na masoko ya Bahari ya Hindi na ya Atlantiki pia. Alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa na mfalme wa Ubelgiji, Kiswahili kilikwisha kutia mguu hapa, pamoja na nguo na shanga za pwani. Lakini kwa rangi ya mwili watu walikuwa wamejitosheleza siku nyingi.

Rangi inayoshika na rangi inayokaa juu

Majani ya hina yana kemikali iitwayo lausoni. Unga ukikandwa kwa maji na ndimu, lausoni inaachiliwa, inaingia kwenye tabaka la juu la ngozi na kushikamana na keratini, ile protini inayojenga ngozi, kucha na nywele. Ndiyo maana hina haiogeki. Inaondoka tu ngozi ile inapochakaa na kubanduka, baada ya wiki moja hadi tatu.

Wekundu wa mukula una tabia nyingine. Umo ndani ya kiini cha mbao, na rangi za miti ya jamii hii haziyeyuki vizuri katika maji. Kwa hiyo mbao husuguliwa juu ya jiwe kwa maji na mchanga kidogo hadi itoke tope jekundu. Tope hilo hufinyangwa madonge na kukaushwa. Huo ndio unga unaoitwa nkula katika lugha nyingi za ukanda huu. Ili upake ngozini lazima uchanganywe na mafuta. Unang'arisha mwili, unaulinda na jua na ukavu, lakini unakaa juu tu. Anayeutaka kesho atapaka tena kesho.

Hapo ndipo desturi za rangi hizi zilipoachana. Bwana na bibi harusi wa Mombasa hupakwa hina mara moja, na michoro hudumu fungate nzima. Nkula ni rangi ya kupakana mara kwa mara, mkono wa mmoja juu ya mwili wa mwingine. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza, alishuhudia mwaka 1931 unyago wa chisungu wa Wabemba, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1956 alieleza jinsi unga huo mwekundu ulivyokuwa ukirudi hatua baada ya hatua ya sherehe, kwa msichana na kwa wanawake waliomzunguka. Upande wa magharibi, Wakuba wa Kasai waliukanda unga mwekundu wa miti ya namna hii na kuuchonga maumbo ya kupeana msibani, zawadi ya heshima kwa wafiwa. Rangi ileile ilimpokea msichana aliyevunja ungo na kumsindikiza mfu.

Gogo la Mukanda na dawa ya Nkula

Maelezo ya kina kuliko yote kuhusu dawa ya mukula yanatoka kwa Walunda wa Ndembu. Wengi wao wanaishi Mwinilunga, kaskazini-magharibi mwa Zambia, lakini asili yao wanaitaja kwa Mwata Yamvo, na ndugu zao wako upande huu wa mpaka, ndani ya Lualaba. Mwanaanthropolojia Victor Turner na mkewe Edith walikaa Mwinilunga kati ya mwaka 1950 na 1954, wakakaa na waganga na kuwauliza sababu ya kila jani na kila gome. Vitabu vya Turner vya mwaka 1967 na 1968 vimehifadhi majibu yao.

Katika jando la Mukanda, mvulana akishatahiriwa alikalishwa juu ya gogo la mukula lililokatwa likiwa bichi. Waganga hawakuficha sababu: utomvu wa mukula huganda upesi kama kigaga cha kidonda, na wao wanataka jeraha la kijana lifunge upesi vivyo hivyo.

Nkula, ibada ya tiba yenye jina moja na ule unga, ilikuwa ya mwanamke ambaye hedhi yake inazidi au haieleweki, au ambaye mimba zinamtoka. Iliaminika kwamba amekamatwa na kivuli cha jamaa yake aliyefariki, na kivuli hicho kinamfungia uzazi. Mukula ulikatwa kwa taratibu zake, na kutoka kwenye mti huo vikachongwa vinyago vidogo vya mtoto mchanga. Mgonjwa alipambwa kwa wekundu. Maelezo waliyompa Turner yanaonyesha fikra iliyopangika: damu ya mwanamke huyu inamwagika ovyo, inapaswa itulie na kuganda tumboni, izae mtoto, basi atibiwe kwa mti ambao damu yake inajua kuganda.

Mtu wa leo anaweza kusema hayo ni mafumbo matupu. Mimi naona mambo mawili ndani yake. La kwanza ni uangalizi wa kweli: watu walitazama mti ukijeruhiwa, wakaona utomvu unafunga jeraha, wakaujaribu kwenye majeraha yao. La pili ni kwamba mwanamke aliyeharibikiwa na mimba mara tatu hakuachwa peke yake nyumbani akinong'onwa. Ukoo mzima uliitwa, ngoma zikapigwa, jina la marehemu likatajwa, na yeye akawekwa katikati. Hospitali nyingi zinazomtibu mwanamke huyo leo humpa kitanda na vidonge. Hilo la pili bado ni deni kwao.

Mahali dawa inapofanya kazi

Siri ya utomvu wa mukula ni tanini. Hii ni kemikali ya mimea ileile inayokausha ulimi unapokunywa chai iliyokolea, na ileile iliyogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu kwa karne nyingi. Tanini ikigusa protini huishika na kuikaza. Kwenye kidonda hukaza uso wa nyama, hubana mishipa midogo inayovuja, hutengeneza utando unaowanyima vijidudu nafasi. Tumboni hupunguza majimaji ya kuhara.

Ukiorodhesha matumizi ya asili ya mulombwa na mukula, mengi yanaingia katika maelezo hayo bila kulazimishwa: utomvu juu ya vidonda na mikwaruzo, utomvu kwenye mabaka ya choa, maji ya gome ya kusukutua fizi zinazotoka damu, maji ya gome kwa kuhara, majivu ya mbegu kwenye ngozi iliyowaka. Vipimo vya maabara kusini mwa Afrika vimeonyesha kwamba dondoo za gome la mulombwa huzuia baadhi ya bakteria kukua. Maabara si mwili wa mtu, lakini matokeo hayo yanakwenda njia moja na walichosema wazee.

Ulaya nayo iliwahi kununua dawa hii. Utomvu mkavu wa ndugu wawili wa mukula, Pterocarpus marsupium wa India na Pterocarpus erinaceus wa Afrika Magharibi, uliuzwa katika maduka ya dawa ya Uingereza kwa jina la kino, kwa ajili ya kuhara na kusukutua koo. Wafamasia wale walikuwa wakiuza elimu ya wanavijiji wa Malabar na Gambia.

Hina nayo ina orodha yake, na inafanana. Pwani hupakwa kwenye nyayo zinazowaka, kwenye visigino vilivyopasuka, kwenye kucha zenye fangasi, kwenye majipu, na kwenye paji la uso kwa kichwa kinachogonga. Lausoni huua fangasi kwenye vipimo, na ubaridi wa tope la hina kwenye nyayo au paji la uso mtu anausikia papo hapo.

Orodha mbili, nchi mbili, na zote zinasema jambo moja: dawa nyekundu huponya pale inapogusa. Ngozi, kucha, fizi, kidonda, na kwa mukula hata utumbo. Hilo ndilo eneo lake, na ndani ya eneo hilo inastahili heshima.

Wekundu si damu

Hatari inaanza pale tunapoamini kwamba kitu chekundu kikinywewa kinageuka damu. Imani hiyo imeenea. Mtoto amelegea, viganja vimepauka, mama anaambiwa "mtoto huyu hana damu," na dawa inayotajwa ni maji mekundu ya magome yaliyochemshwa. Rangi yenyewe inashawishi.

Tanini inayofunga kidonda vizuri hushika pia madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage, na kuyazuia yasifyonzwe tumboni. Mtu mwenye upungufu wa damu uliotokana na ukosefu wa chuma, akinywa maji ya gome la mukula kila siku pamoja na chakula, anapunguza chuma kidogo alichokuwa akikipata. Na mtoto wa Lualaba aliyepauka mara nyingi ana malaria, ambayo inavunja chembe zake za damu saa baada ya saa. Huyo anahitaji kipimo na dawa ya malaria siku hiyohiyo, na pengine kuongezewa damu. Hakuna gome litakalomfikia kwa wakati.

Hina ina hatari inayofanana, na inapaswa kujulikana huku bara pia. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hukinga chembe nyekundu za damu. Upungufu huo umeenea hasa katika nchi ambazo malaria imekaa kwa karne nyingi, Kongo ikiwemo, na huwapata zaidi wanaume. Lausoni ikipenya ngozi laini ya mtoto mchanga mwenye hali hiyo, inaweza kupasua chembe zake za damu kwa wingi. Mwaka 2001 madaktari wa Al Ain, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, walichapisha habari za wagonjwa wa namna hiyo, watoto wachanga wakiwemo, waliozidiwa baada ya kupakwa hina. Mtoto mchanga asipakwe hina mwili mzima, hata kama ni kwa baraka.

Na ile hina nyeusi inayouzwa leo mijini, ambayo Zanzibar na Mombasa huitwa piko, haina uhusiano na kichaka chochote. Ni dawa ya kutia nywele weusi, yenye kemikali ya PPD, na ikipakwa ngozini inaweza kuleta malengelenge na makovu, na kumwachia mtu mzio wa maisha. Hina ya kweli haitoi weusi wa makaa kwa nusu saa. Inaanza na rangi ya chungwa, na kukolea kwake ni kwa siku moja au mbili.

Kwa mukula naongeza katazo moja. Wako waliotia utomvu wake machoni kwa kutafuta dawa ya mtoto wa jicho. Utomvu unaonata na kukaza hauna kazi ndani ya jicho, na mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji.

Gome lililokulia kwenye vumbi la shaba

Kolwezi inaongeza swali ambalo vitabu vya mitishamba vya nchi nyingine havihitaji kuliuliza: mti huu umesimama wapi?

Vilima vyenye shaba nyingi katika Katanga havina miti. Msitu unaishia chini ya kilima, na juu yake yanakaa majani na maua yaliyozoea sumu ya madini, kama Haumaniastrum katangense, kimea kidogo cha jamii ya mnanaa ambacho wanaakiolojia wamekitumia kutambua mahali wahenga walipoyeyushia shaba. Wasanga, waliotajwa kama "walaji wa shaba" tangu zamani, waliisoma ardhi kwa namna hiyo kabla ya mtafiti yeyote wa madini kufika. Mukula haukui juu ya kilima chenyewe. Unakua pembeni, na zamani hilo lilitosha.

Leo kilima kimefunguliwa. Kinapondwa, kinabebwa kwa malori, na vumbi lake linakwenda na upepo miezi yote ya kiangazi. Gome la mti ni kavu na lina mikunjo, na hakuna anayelifua. Ndiyo maana wanasayansi katika nchi nyingi hutumia magome kupima uchafu wa hewa. Mganga akilichemsha gome hilo anachemsha na vumbi lake.

Uzito wa jambo hili umepimwa kwenye miili ya watu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyushia madini wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Mwaka 2018 timu hiyo, Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven akiwemo, ilichapisha utafiti wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kwake akakuta madini ya kobalti, na baada yake majirani wakachimba ndani ya nyumba na chini ya vitanda. Kobalti ilikuwa juu katika damu na mkojo wa wakazi, na kwa watoto zaidi kuliko watu wazima. Watoto hao walionyesha pia dalili za kuharibika kwa DNA.

Kwa hiyo gome, mzizi au jani la dawa lisichukuliwe karibu na mgodi, karibu na rundo la mabaki yake, kando ya barabara ya malori ya madini, wala kwenye bonde linalopokea maji ya kiwanda. Zile kilomita 3 za utafiti wa mwaka 2009 ni kipimo kizuri cha kuanzia. Muuza dawa sokoni aulizwe imetoka wapi, kama anavyoulizwa muuza samaki, na jibu la "porini" halitoshi.

Gogo linalouzwa mara moja

Muongo uliopita mukula ulipata mnunuzi mpya. Samani za mbao nyekundu zina thamani kubwa China, na miti ya Asia iliyozoeleka ilipokwisha, wafanyabiashara waligeukia Afrika. Magogo ya Pterocarpus tinctorius yakaanza kukatwa kwa kasi Zambia na Katanga, hasa Haut-Katanga, na kubebwa kwa malori hadi bandarini. Zambia ilipiga marufuku na kuondoa marufuku mara kadhaa. Mwaka 2017 ilizuia mamia ya malori yenye magogo kutoka Kongo. Mwishoni mwa mwaka 2019 EIA, shirika linalochunguza uhalifu wa mazingira, lilichapisha ripoti ndefu kuhusu mtandao wa biashara hiyo nchini Zambia. Mwaka huohuo nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, ziliuingiza Pterocarpus tinctorius katika Kiambatisho cha II, na mwaka 2022, mkutanoni Panama, zikaongeza Pterocarpus wote wa Afrika. Maana yake ni kwamba gogo haliruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba ukataji hauumalizi mti porini.

Kibali ni karatasi, na mti una mwendo wake. Mbegu ya mulombwa ikiota, mche wake hufa juu ya ardhi kila kiangazi na kuchipua tena wakati wa mvua, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukinenepa chini. Hapo moto hauumalizi. Siku mzizi umekomaa ndipo shina linapofyatuka kwenda juu na kubaki. Hadi kufikia unene wa kupasua mbao, karibu karne moja imepita. Mti uliokatwa mwaka 2015 na kulipwa fedha za wiki chache ulianza kuota kabla Kolwezi haijawa mji.

Pamoja na gogo kuna makaa. Mji wa Kolwezi unaokua kwa kasi unapika kwa makaa, na mchoma makaa hachagui sana. Mganga wa pembezoni mwa mji aliyekuwa akitembea asubuhi moja kutafuta gome sasa analala njiani, au ananunua kwa mtu asiyemjua, gome lililotoka asikokujua. Hivyo uhaba wa mti unageuka moja kwa moja kuwa ubovu wa dawa.

Kuchukua bila kuua

Utomvu ndio njia ya upole kuliko zote. Mikato michache mifupi upande mmoja wa shina, kikombe chini yake, na mti utajifunga wenyewe kama unavyojua. Utomvu mkavu haukai na vumbi lililokusanywa na gome kwa miaka, huhifadhika muda mrefu ukiwa mkavu, na kiasi kidogo kinatosha vidonda vingi. Kwa kazi za ngozi na fizi, ambazo nimesema ndizo kazi zake hasa, hakuna sababu ya kutaka zaidi.

Anayehitaji gome alikate kwa wima, kibanzi chembamba, upande mmoja tu, na asirudi kwenye mti huo mpaka kidonda chake kimefunga. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, shina linakufa, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia gome la ndani. Anayehitaji mzizi achukue wa pembeni na kufukia. Mti mwembamba uachwe.

Mganga mmoja mwaminifu hatoshi ikiwa lori litakuja kesho yake. Sheria ya misitu ya Kongo, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inawatambulia wanavijiji haki ya kutumia msitu kwa mahitaji yao, dawa zikiwemo, na amri ya serikali ya mwaka 2014 inairuhusu jamii kuomba msitu wake wenyewe, hadi hekta 50,000, kwa misingi ya mila yake. Vijiji vya Mutshatsha, Lubudi, Dilolo na Kapanga vina machifu wanaojua mipaka ya ardhi yao na wazee wanaojua miti iliyobaki iko wapi. Maombi yakiandikwa, majina ya waganga na wakunga wa jadi yaingie kwenye karatasi kama watumiaji wa msitu, na mukula utajwe kwa jina: mingapi imekomaa, michanga iko upande gani, nani anaruhusiwa kuikata na kwa kiasi gani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho watafiti wake wamekwisha kukusanya orodha za mimea ya tiba inayotumika mjini, kinaweza kuombwa kupima kama gome la kilima fulani lina kobalti au halina, na kuwaeleza wanakijiji.

Lualaba imezoea kupewa bei ya kile kilichoko chini ya ardhi yake. Shaba na kobalti vikishatoka havirudi, na huo ni ukweli wa kila mgodi. Mukula uko tofauti: unaweza kutoa dawa kizazi hadi kizazi na ukabaki umesimama, mradi mwenye kuukata achukue utomvu na auache mti. Waliokalisha wana wao juu ya gogo la Mukanda walikata mti mmoja kwa ajili ya kambi nzima ya vijana. Kipimo hicho bado kinatosha. Kinachohitajika sasa ni kukiandika, kukitilia sahihi ya chifu, na kukisimamia.